"Mutoto hakupata zawadi": rufaa moja ya programu ya vipaji, mwanzo mpaka mwisho

Jumapili moja mwezi wa 11, huku Marekani, tumetoka kanisani watu wanapakia watoto kwenye magari, dada mmoja Mkongo tunayesali naye akanisogelea na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Kaka, unisomee hii. Banasema mutoto hakupata zawadi. Ni zawadi gani hiyo, ya Noeli?"

Nikaikunjua, barua ya shule. Upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili cha mashine, na kweli imeandikwa "mtoto wako hajachaguliwa kupokea huduma za wenye zawadi kwa wakati huu". Nikacheka, na yeye akacheka bila kujua tunacheka nini, halafu nikageuza kule kwenye Kiingereza na kicheko kikaishia hapohapo. Kwa Kiingereza mtoto mwenye kipaji kikubwa wanamwita "gifted", neno lililotokana na zawadi, mashine ikaichukua zawadi ikaenda nayo. Yaani binti yake wa darasa la 3 alipendekezwa kwenye programu ya vipaji maalum, akafanyishwa mtihani, akakataliwa, na mzazi asiyeridhika ana siku 10 za shule kukata rufaa kuanzia tarehe ya barua. Siku 8 zilishapita. Karatasi ilikaa juu ya friji muda wote huo maana mama alijiambia zawadi sio deni, asiyepewa anashukuru tu.

Mama kanikubalia niandike, ila majina hapana, mji hapana, na wilaya ya shule naiacha bila jina maana watoto wake watatu bado wako mikononi mwao. Kwao Fizi, Kivu Kusini. Huyu binti alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na mi kwetu Kasulu kwa hiyo Nyarugusu sihitaji kuelekezwa, wakaletwa Marekani akiwa na miaka 4. Sasa ana 8.

Kwa mliozoea ya nyumbani, msifikirie Ilboru au Mzumbe au Kilakala. Kule kwetu shule za vipaji maalum ni za sekondari, unapangiwa kwa maksi za darasa la saba, ukikosa unaenda shule nyingine, mzee wako analalamika kwenye kahawa wiki mbili na maisha yanaendelea. Huku inaanza shule ya msingi, mtoto anabaki shule ileile lakini anatolewa darasani mara kadhaa kwa wiki kufanya hesabu na kazi nzito zaidi, na akishaingia hilo daftari linamfuata mpaka kwenye hesabu za juu huko mbele. Na kitu ambacho wazazi wengi hatukijui, serikali kuu ya Marekani haina sheria inayozilazimisha shule kuwa na programu hii. Mtoto mwenye ulemavu ana sheria ya nchi nzima nyuma yake, mwenye kipaji anategemea jimbo lake na wilaya yake. Pennsylvania kwa mfano wameiweka kwenye kanuni za jimbo na mzazi anaweza kudai shauri lake lisikilizwe rasmi, sisi tulikuwa na kitabu cha mwongozo cha wilaya tu, na kila kitu kilichokuja kutusaidia kilitoka mle mle ndani ya kitabu chao wenyewe. Hilo nalisema mapema maana nilichelewa sana kulielewa.

Jumapili ile usiku tuliandika imeili ya mistari mitano. Mzazi anakata rufaa, anaomba aone faili lote la mtoto kuhusu maamuzi haya, barua ilitafsiriwa kwa namna ambayo haieleweki kwa hiyo anaomba muda uongezwe, anaomba mkalimani wa Kiswahili kwenye kikao chochote. Basi. Ukiwa na siku mbili usianze kueleza akili za mtoto, linda tarehe kwanza, maelezo yatakuja. Ile ya tafsiri haikuwa ujanja. Shule inayopokea hela za serikali kuu inawajibika kumpa mzazi habari muhimu kwa lugha anayoielewa, hilo linatoka kwenye Title VI ya sheria ya haki za raia ya 1964, na barua inayomwambia mama kuhusu zawadi haijampa habari yoyote. Tukaongezewa siku 5.

Faili nalo ni haki. Kuna sheria ya 1974 inaitwa FERPA, mzazi ana haki ya kuona kumbukumbu za elimu za mwanae, tatizo shule inapewa hadi siku 45 kukuonyesha na rufaa inafungwa ndani ya wiki mbili tatu, kwa hiyo ukiomba faili leo linaweza kuja wakati kesi imeshazikwa. Ndo kilichotukuta. Siku tano zinakwisha, faili halijaja, mimi nikakaa nikaandika barua ya kurasa mbili.

Ile barua nikiisoma leo naona aibu. Nilianza na vita vya Kivu. Nikaja kambini, nikaja safari ya ndege, nikasema mtoto ana nidhamu, anasaidia wadogo zake, anasoma Biblia kwa sauti, mama yake anafanya kazi usiku kiwandani na hajawahi kukosa kikao cha wazazi, nikamalizia kwamba inaonekana watoto weusi wahamiaji hawapewi nafasi. Mama aliponisikia namsomea alitoa machozi na mi nikajiona mwandishi kweli kweli. Majibu yalikuja baada ya siku tatu, mistari minne. Kamati imepitia, hakuna ushahidi mpya kuhusu uwezo wa mtoto, maamuzi yanabaki, mzazi anaweza kwenda ngazi ya pili ndani ya siku 10 za shule.

Nilikasirika lakini nikiwa mkweli walikuwa sahihi. Hakuna mstari hata mmoja mle uliogusa karatasi walizotumia kumkataa. Kamati inaamua kwa namba na fomu, sisi tumewapelekea ushuhuda wa kanisani.

Halafu kesho yake faili likaja, karatasi 11.

Karatasi ya kwanza ni matokeo ya mtihani unaitwa CogAT. Unatumika wilaya nyingi sana za huku, una sehemu tatu, maneno, namba, na maumbo, kila sehemu ina vijisehemu vitatu. Alama 100 ndo katikati kwa watoto wa umri huo, na pembeni wanaandika kati ya watoto mia umewapita wangapi. Binti yetu kwenye maneno alipata 98, yaani amewapita 45. Namba 127, amewapita 95. Maumbo 134, amewapita 98. Chini kabisa wamejumlisha zote tatu ikatoka 122, amewapita kama 91 hivi, na mtu kaizungushia kalamu nyekundu maana wilaya inataka 97. Hapo ndo mtoto alipokatiwa.

Angalia zile namba tena lakini. Mtoto wa 134 kwenye maumbo na 98 kwenye maneno, mtihani mmoja asubuhi moja. Ukizichanganya hizo unapata namba ya mtoto ambaye hayupo, ni kama una mguu mmoja kwenye jiko na mwingine kwenye barafu halafu daktari anasema kwa wastani joto lako liko sawa.

Na wenye mtihani wenyewe wanalijua hilo! Hiki ndo kitu kilichonifanya nikae kitako. Pembeni ya namba kulikuwa na kialama kidogo, 8E (V–), ambacho nilikipita mara tatu nikidhani ni namba ya fomu. Kumbe ni profaili ya mtoto. Ile 8 ni daraja lake la katikati kwenye ngazi ya 1 hadi 9. E ni kwamba tofauti kati ya sehemu zake ni kubwa kupita kiasi, pointi 24 au zaidi. V– ni kwamba sehemu iliyozama ni ya maneno. Na maelekezo ya CogAT yanasema wazi kwamba kwa mtoto mwenye profaili ya namna hii jumla ya zote tatu inapotosha, usiitegemee peke yake, na kwa mtoto anayejifunza Kiingereza kuna jumla nyingine, ya namba na maumbo tu, inaitwa QN. Ilikuwepo palepale kwenye karatasi mstari mmoja juu ya wino mwekundu. 133. Amewapita 98.

Kuna jambo lingine la umri wa mtoto ambalo wazazi wachache wanaliona. Mtihani huu kwa watoto wa chekechea mpaka la 2 ni wa picha, hata ile sehemu ya maneno ni picha. Kuanzia kiwango cha darasa la 3 maneno yanakuwa maneno kweli, unasoma neno la Kiingereza, unatafuta la kufanana nalo. Huyu binti angepimwa mwaka mmoja nyuma labda tusingekuwa na kisa cha kuandika.

Nikafungua mwongozo wa wilaya. Umo humo! Kwa mwanafunzi anayejifunza Kiingereza kamati inaweza kutumia jumla ya QN. Nikampigia mama saa nne usiku yuko kwenye mapumziko kiwandani nikamwambia dada tumeshinda. Nikaandika barua fupi kwa mratibu wa programu nikiuliza tu kwa nini QN haikutumika.

Jibu: kumbukumbu zetu zinaonyesha lugha ya nyumbani ni Kiingereza.

Nyie. Nyumba ile ukigonga mlango unasikia Kiswahili, Kibembe, na kwaya ya Uvira kwenye spika. Kiingereza kinaingia na mtu wa umeme tu. Nikamuuliza mama, kimya kirefu, halafu akasema taratibu kwamba siku ya kuandikisha mtoto chekechea kuna mtu wa huku huku kwetu alimwambia ukiandika Kiswahili watamweka darasa la wajinga, andika English pote pote. Na yeye akaandika pote pote, maswali yote matatu, lugha ya kwanza ya mtoto, lugha anayoongea zaidi, lugha ya nyumbani.

Simlaumu na wala msimlaumu. Huo ushauri nimeusikia Dallas, nimeusikia Louisville, unatembea kwenye WhatsApp za Waswahili huku kama dawa ya kikohozi. Kuna ukweli mdogo ndani yake, watu wameona watoto wao wanatolewa darasani kufundishwa "hii ni peni" wakati wenzao wanasonga mbele. Ila gharama yake ndo hii. Kwa miaka mitatu na ushee shule ilimhesabu huyu mtoto kama mzungumzaji wa Kiingereza tangu kuzaliwa, kwa hiyo kila alipokwama kwenye neno ilihesabika kwamba amekwama akilini. Hakuwahi kupimwa lugha, hakuwahi kusaidiwa, na mlango wa QN ulifungwa kwa peni ya mama yake mwenyewe. Na wilaya nayo isijifiche hapo, fomu hiyo mama aliipewa kwa Kiingereza bila mkalimani, na mwalimu yeyote aliyewahi kumpigia simu nyumbani alijua hakuna Kiingereza pale.

Tukaandika barua ya kusahihisha fomu. Maneno yalikuwa machache, mzazi alijaza bila kuelewa, hakupewa mkalimani, lugha ya kwanza ya mtoto ni Kiswahili, anaomba apimwe Kiingereza. Hapa mama aliogopa kweli. "Kaka, sasa si batasema tulidanganya?" Nikamwambia dada, kosa la fomu linasahihishwa kila siku. Akapimwa mtihani wa WIDA, wa kupima Kiingereza cha mwanafunzi, ambao majimbo mengi yanautumia na madaraja yake yanaenda mpaka 6, akapata 4 na nukta zake. Yaani anaongea vizuri, anacheka na wenzake, anajibu, ila lugha ya kitabu bado. Ambayo ndo haswa 98 ile ya maneno ilikuwa inasema.

Karatasi ya pili iliyokuwa na uzito ni fomu ya mwalimu. Vipengele kadhaa, kila kimoja anatia alama kuanzia chini mpaka juu. Anauliza maswali mengi? Chini. Anabishana kwa hoja? Chini. Anaongoza wenzake? Chini. Anamaliza kazi za hesabu haraka? Juu kabisa. Kwenye maoni ameandika kwa mkono: mtulivu, ana adabu, ni furaha kuwa naye darasani.

Mama alivyosikia hiyo "ana adabu" alifurahi sana, akasema mwalimu amemsifu. Ikabidi nimweleze kwamba kwenye hii karatasi adabu imemshusha mtoto. Kwetu mtoto anafundishwa asimrukie mkubwa kwa maswali, akiitwa anaitika, akiulizwa anajibu, akikaa na wakubwa anasikiliza. Amelelewa hivyo akafaulu kulelewa, halafu fomu inasoma ule ukimya kama hana cha kusema. Mwalimu hana ubaya, na zaidi ya hapo alikuwa amekaa na huyu mtoto wiki sita tu alipoijaza, mwezi wa 10 mwanzoni. Hatukumshambulia. Tukaenda kwa mwalimu wake wa darasa la 2 tukamwomba ajaze fomu ileile, maana mwongozo hauzuii, na yule aliyekaa naye mwaka mzima akatia alama tofauti kabisa na kuandika kwamba mtoto huyu anakuja mezani kwake wakati wengine wameenda kucheza, anauliza kwa sauti ndogo kwa nini njia fulani ya hesabu inafanya kazi. Anauliza sana basi! Ila sio mbele za watu.

Tukaongeza na matokeo ya MAP, ule mtihani wa kompyuta wanaoufanya mara kadhaa kwa mwaka. Hesabu amewapita 96 kati ya mia. Kusoma 58, na mwaka mmoja nyuma kusoma ilikuwa 31. Hiyo 58 peke yake haisisimui mtu, weka na 31 pembeni uone mwendo.

Halafu kipeperushi. Hiki naomba nikieleze polepole.

Mama anapika sambusa za oda wikiendi, kanisani na kwenye misiba na harusi. Manda anazichoma yeye, chapati moja anaikata vipande vinne inatoa sambusa nne. Kuna oda ya 150 na yeye kwa mazoea anasukuma chapati 40. Binti yuko pale anakunja, ndo kazi yake, anakunja haraka kuliko mimi na mama yake tukijumlishwa. Akamwambia mama 40 ni nyingi, 38 zinatosha na sambusa mbili zitabaki. Mama hakuamini akasukuma 40 vilevile, zikabaki manda za sambusa kumi, akamuuliza umejuaje, mtoto akachukua kipeperushi cha mkutano wa injili akageuza nyuma akachora, miduara ya kumi kumi, kila mduara nne, kumi ni arobaini, tatu ni mia na ishirini, halafu nane ni thelathini na mbili, mia hamsini na mbili. Mama alikuwa amekihifadhi kile kipeperushi kwenye droo ya vijiko kwa sababu kilimfurahisha, basi. Kina mafuta mpaka picha ya mchungaji iliyochapwa upande wa pili inaonekana kwa nyuma. Tukatoa kopi tukaweka kwenye faili na maelezo ya mistari mitatu, tarehe na umri.

Na nilipomuuliza binti kuhusu mtihani wenyewe ni sehemu gani aliipenda, akasema ile ya karatasi. Kwenye CogAT kuna kijisehemu cha kukunja karatasi, wanakuonyesha karatasi imekunjwa, imetobolewa tundu, unaulizwa ikifunguliwa itaonekanaje. "Ile rahisi, ni kama kukunjua sambusa." Sikuiweka hiyo kwenye barua maana wangeona nawatania.

Kuna kitu kingine ambacho sikukiweka na nilibishana nacho usiku mzima. Mi ni mtu wa kusoma, nilikuwa nimeshakusanya utafiti. Kuna wa David Card, yule mchumi aliyepata Nobeli 2021, na Laura Giuliano, kuhusu Broward, Florida, ambako kuanzia 2005 walianza kuwapima watoto wote wa darasa la 2 badala ya kusubiri mwalimu au mzazi apendekeze, na watoto maskini, weusi na Walatino walioingia kwenye programu wakaongezeka sana, bila kushusha kiwango cha kuingilia. Baadaye bajeti ikakatwa na mafanikio yakarudi nyuma. Kuna na wa Grissom na Redding wa 2016, mtoto mweusi mwenye maksi sawa na mzungu ana nafasi ndogo zaidi ya kuingizwa, hasa mwalimu asipokuwa mweusi. Vyote vinahusu mtoto kama huyu. Lakini kamati ile haikai kuhukumu Marekani, inakaa kuhukumu mtoto mmoja, na ukiwarushia utafiti wanajitetea kuhusu nchi nzima na dakika zako 30 zimeisha. Nilishachoma barua moja kwa namna hiyo. Utafiti huo kaupeleke kwenye kikao cha bodi ya shule wakati wanajadili kanuni, pale una mahali pake.

Wengine walitushauri tulipie mwanasaikolojia binafsi ampime WISC, mtihani wa akili anaofanyishwa mtoto peke yake. Ni dola mia kadhaa, wengine inapita elfu, na mtihani wenyewe una sehemu kubwa ya maneno ya Kiingereza, kwa hiyo tungelipa mshahara wa wiki mbili kununua tatizo lilelile kwenye karatasi nzuri zaidi. Kwa mtoto ambaye Kiingereza ni lugha yake na mtihani wa shule ulimkuta anaumwa, hapo sawa, fikiria. Kwa huyu hapana.

Barua ya ngazi ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Haikusema popote kwamba mtoto ana akili. Ilisema profaili ni 8E (V–) na jumla ya tatu haipaswi kusimama peke yake, fomu ya lugha imesahihishwa na matokeo ya WIDA yameambatanishwa, mwongozo wenu unaruhusu QN na QN ni 133, fomu ya mwalimu wa wiki sita iwekwe pamoja na ya mwalimu wa mwaka mzima. Mwisho ombi moja.

Kikao kilikuwa mwezi wa 1, kwenye chumba cha maktaba chenye vile viti vya watoto, magoti yanakuja kifuani. Watu watatu ambao hawakuwepo kwenye maamuzi ya kwanza, na simu katikati ya meza yenye mkalimani. Mimi sikuruhusiwa kutafsiri kwa kuwa nimekuja upande wa familia, nikae kimya kama msindikizaji, na ni sawa kabisa ingawa ulimi uliniwasha. Mkalimani mwenyewe kwa lafudhi nadhani ni mtu wa Mombasa, mzuri tu, ila dakika ya kwanza akasema "programu ya watoto wenye vipawa" na mama akanigeukia, kipawa ni nini tena. Zawadi, vipaji, vipawa, huyu mama ameteswa na hili neno.

Mwenyekiti akauliza, kwa nini unaona binti yako anahitaji programu hii. Mi nilikuwa nimemfundisha aseme QN. Hakusema QN. Alisema: "Mwanangu anamaliza kazi ya shule mbele ya wengine, halafu anakaa. Nikimuuliza leo mulijifunza nini anasema mama, tulingoja. Kila siku, tulingoja." Mwanasaikolojia wa shule aliandika kitu. Akachukua ile kopi ya kipeperushi akaiangalia muda mrefu, akauliza huyu mtoto kagawanya na kubakiza akiwa na miaka mingapi, mkalimani akatafsiri, mama akajibu nane kasoro. Hapo nadhani ndo mambo yalipogeuka, ingawa wao kwenye barua waliandika QN na profaili, na kwa kweli bila QN na profaili kipeperushi kingekuwa hadithi ya jikoni tu.

Majibu yalikuja baada ya siku sita, safari hii yametafsiriwa na mtu. Ameingizwa kwenye hesabu kuanzia mwezi wa 2. Kusoma hapana, wataangalia tena mwisho wa mwaka, na wakati huohuo anapewa msaada wa Kiingereza nusu saa, siku tatu kwa wiki. Mama hapo alichanganyikiwa kabisa. Inakuwaje mtoto mmoja apelekwe kwa wenye akili Jumanne na kwa wasiojua Jumatano? Nikamweleza, dada, hesabu ni mtoto, Kiingereza ni miaka aliyokaa huku, vinakaa kichwa kimoja bila kugombana. Akasema sawa, lakini nilimwona hajakubali. Mi nilitaka tukate rufaa na ya kusoma. Yeye akakataa, akasema 58 ni 58, asome kwanza.

Binti alianza, na wiki ya pili akaja kulalamika kanisani. Hesabu za Jumanne anazipenda, kuna mvulana mmoja anambishia na yeye sasa amejifunza kumbishia. Shida ni Jumatano, wamempangia Kiingereza saa ya michezo, wenzake wanaenda kucheza mpira yeye yuko na karatasi. Akaniuliza, anko, hiyo nayo tunaweza kuandika rufaa?

Nikamwambia aandike yeye. Ukurasa mmoja.